Kidonge cha kufungukia utumbo mpana: pH, muda, bakteria au mchanganyiko?

Miongoni mwa wanafunzi wa famasia wa Moshi wanaofika hatua ya kuchagua mradi wa kutengeneza dawa, hakosekani mwenye wazo hili: kidonge cha kumeza kinachopita tumboni kikiwa kizima, kikapita utumbo mwembamba kikiwa kizima, kikaja kumwaga dawa kwenye utumbo mpana. Wazo ni zuri. Anakwama anapoanza kusoma, kwa sababu njia ni nyingi na kila mtafiti anaipigia debe ya kwake. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yake, na kwa mfamasia yeyote wa Arusha au Kilimanjaro anayetaka kuanza na hajui ashike ipi.

Sababu za kutaka dawa ifike huko chini zinajulikana. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana hushambulia ukuta wa utumbo wenyewe. Dawa ikinyonywa juu, inaingia kwenye damu, inaleta madhara yake, na kinachofika kwenye kidonda ni makombo. Dawa za kuingizwa kwa njia ya haja kubwa zipo, lakini kidonge cha kuingiza huishia kwenye rektamu, mwisho kabisa wa utumbo mpana, na enema, yaani dawa ya maji inayosukumwa ndani, haivuki sana upande wa kushoto wa utumbo mpana. Isitoshe, mpe mzee wa Marangu achague kati ya kumeza na enema, jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo kidonge lazima kijue kimefika. Chukua abiria aliyepanda basi Dar, anashukia Moshi, na hajawahi kufika huku. Anaweza kukodoa macho dirishani mpaka aone kibao. Anaweza kuhesabu saa. Au anaweza kukaa ametulia kwa sababu mwenyeji wake yuko stendi na atampokea. Wa kwanza kibao kikimpita atajikuta Arusha. Wa pili, basi likikaa sana Korogwe kwa chakula, atashuka Same akidhani amefika. Wa tatu hana shida, mradi mwenyeji yupo. Ganda la pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) ni huyo wa kwanza, ganda la muda ni wa pili, na kidonge kinachotegemea bakteria ni wa tatu. Hakuna njia isiyokosea. Zinatofautiana upande zinakokosea, na hilo ndilo ningependa ulipime kabla ya kuangalia kitu kingine chochote.

Vigezo

Cha kwanza ndicho hicho: njia ikishindwa, inashindwaje? Kidonge kikifunguka mapema, dawa inanyonywa juu na mgonjwa anapata madhara bila faida. Kisipofunguka kabisa, kinatoka kizima na mgonjwa hajatibiwa. Kwa dawa yenye madhara makali ikinyonywa, kosa la kwanza ni baya zaidi. Kwa dawa ambayo mgonjwa akiikosa siku mbili ugonjwa unalipuka, la pili ndilo baya.

Cha pili ni utumbo wa mgonjwa. Takwimu nyingi za vitabuni zimepimwa kwa watu wazima wenye afya. Anayeharisha mara nane kwa siku hana utumbo huo.

Cha tatu ni dawa yenyewe: dozi yake, kama inaharibika kwa maji au joto, kama inayeyuka kwa urahisi (utumbo mpana una maji machache sana yaliyo huru), na kama inaua bakteria. Hili la mwisho watu hulisahau, nitalirudia.

Cha nne ni mashine na malighafi ulizonazo. Cha tano ni kipimo: je, maabara yako inaweza kuonyesha kwamba kidonge kinafanya unachodai?

Kabla ya kuingia ndani, shika ramani. Tumboni pH huwa kati ya 1 na 3 mtu akiwa hajala. Muda wa kukaa humo hautabiriki: dakika chache tumbo likiwa tupu, saa kadhaa likiwa na chakula kizito. Utumbo mwembamba hupitwa kwa saa 3 hadi 4, na huu ndio muda usiobadilika sana kati ya mtu na mtu. pH yake hupanda kutoka kama 6 mwanzoni hadi karibu 7.5 mwishoni. Halafu kinatokea kitu ambacho wengi hawakitarajii: ukiingia tu utumbo mpana, pH inashuka hadi karibu 6.4, kwa sababu bakteria wanachachua mabaki ya chakula na kutoa asidi. Idadi ya bakteria nayo inaruka kutoka maelfu kwa mililita huko juu hadi bilioni mia na zaidi. Kukaa ndani ya utumbo mpana ni suala la siku nzima au zaidi, isipokuwa mtu akiwa anaharisha.

Ganda linalosubiri pH

*Inavyojua imefika.* Polima za ganda hili, yaani molekuli ndefu kama minyororo, zina vikundi vya asidi. Kwenye asidi ya tumbo havina chaji na ganda halimumunyiki. pH ikipanda vinapata chaji na ganda linayeyuka. Zinazotumika zaidi ni za ukoo wa Eudragit, uliotoka kampuni ya Röhm ya Ujerumani, leo chini ya Evonik. Aina ya L huyeyuka kuanzia pH 6, aina ya S kuanzia pH 7. Salofalk ya mesalazini, dawa ya vidonda vya utumbo mpana, imejengwa juu ya L, Asacol juu ya S. Ukizichanganya unaweza kupata kiwango cha katikati. Ndugu yake wa karibu unamkuta kwenye duka lolote la dawa Moshi mjini: vidonge vya bisakodili vya kulainisha choo. Muuzaji anayejua kazi yake atakwambia usivimeze na maziwa, wala na dawa za kupunguza asidi, kwa sababu ganda litafungukia tumboni na utapata msokoto.

*Inapokosea.* Rudi kwenye ramani. pH ya juu kabisa iko mwisho wa utumbo mwembamba, kabla ya utumbo mpana. Kibao ambacho kidonge kinasubiri kukiona kinapita haraka, halafu kinatoweka. Ganda likiwa jembamba linafunguka mapema, kwenye ileamu, yaani hiyo sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Likiwa nene halimalizi kuyeyuka kabla pH haijashuka, na kidonge kinaingia utumbo mpana kikiwa kimefungwa. Kwa mgonjwa mwenye vidonda vilivyochachamaa hali ni mbaya zaidi, maana pH ya utumbo wake mpana imewahi kupimwa ikiwa chini sana kuliko ya mtu mzima wa afya.

Niliwahi kuletewa kidonge cha namna hii ndani ya kikopo cha kuwekea choo cha kupima. Mama wa Kibosho alikiona chooni akadhani ameuziwa feki. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, rangi imefifia, upande mmoja umetuna kidogo. Ukikutana na hali hiyo usibishane na mgonjwa, chukua wembe ukate. Cha yule mama kilikuwa kikavu mpaka katikati, unga mweupe wote upo. Kingekuwa ganda tupu, ningemwambia dawa imeshatoka na asiwe na wasiwasi, kwa sababu kuna dawa ambazo ganda lake kwa kawaida hutoka hivyo hivyo.

*Mashine na malighafi.* Unahitaji pani ya kupaka ganda yenye hewa ya moto na bunduki ya kunyunyizia. Aina ya S mara nyingi huyeyushwa kwenye isopropanoli au asetoni pamoja na maji kidogo, ikaongezwa trietili sitrati ili ganda lisiwe kavu na kupasuka, na talki ili vidonge visishikane. Viyeyushio hivyo vinashika moto. Chumba kisicho na feni ya kutoa hewa nje hakifai. Zipo polima zinazotawanywa kwenye maji, salama zaidi, lakini jaribu kuzipaka mwezi wa Aprili mvua ikiwa haikatiki. Hewa imejaa unyevu, ganda halikauki, mdomo wa bunduki unaota ndevu nyeupe, na vidonge vinaanza kugandana viwili viwili ndani ya pani. Ukivitenganisha, kila kimoja kinabaki na kovu, na kovu hilo ndipo asidi itakapopenyea. Kuhusu kilainishi cha ganda, soma kwanza: ganda la Asacol lilikuwa na dibutili fthalati, kemikali iliyozua maswali kuhusu uzazi, na mwaka 2013 Marekani iliidhinisha Delzicol isiyokuwa nayo.

*Kupima.* Hapa ndipo njia hii inawavutia watu. Saa 2 kwenye asidi ya haidrokloriki ya 0.1 N, kisha bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya 6.8, kisha 7.4. Kifaa cha kupimia uyeyukaji kipo karibu kila chuo cha famasia. Ila angalizo: bafa ya fosfeti ya maabara ina nguvu kuliko majimaji ya utumbo, ambayo bafa yake ni bikabonati. Ganda linaloyeyuka kwa dakika 30 kwenye fosfeti linaweza kuchukua muda mrefu zaidi ndani ya mtu. Matokeo mazuri ya fosfeti peke yake yasikuleweshe.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye pani nzuri, na dawa ambayo ikimwagika kwenye ileamu hakuna maafa. Ugonjwa ukiwa unagusa mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana kwa pamoja, kufungukia hapo katikati kunageuka kuwa faida.

Kidonge kinachohesabu saa

*Inavyojua imefika.* Kiini kinafunikwa na tabaka linalovimba au kulika polepole, kama HPMC (aina ya selulosi iliyobadilishwa), au kinafungwa kwenye ganda la etilselulosi lisiloyeyuka linalopitisha maji kidogo kidogo. Kwa kuwa tumbo halitabiriki, wajanja huweka ganda la kuzuia asidi kwa nje, ili saa ianze kuhesabu kidonge kikishatoka tumboni. Hapo unahitaji tabaka la kustahimili saa 3 hadi 4 tu. Mfumo wa osmosi wa OROS-CT, unaosukuma dawa nje kwa nguvu ya maji yanayoingia ndani, ulifuata mantiki hiyo. Pentasa ni habari nyingine kidogo: chembe za mesalazini ndani ya etilselulosi zinaachia dawa taratibu tangu mwanzo wa utumbo mwembamba hadi chini, kwa hiyo si ya utumbo mpana peke yake.

*Inapokosea.* Haiangalii iko wapi. Mgonjwa anayeharisha, kidonge kinaweza kuwa kimeshapita eneo lenye ugonjwa kabla saa haijaisha. Mwingine kidonge kinasimama kwenye mlango kati ya ileamu na utumbo mpana, kikamwaga hapo. Inakosea pande zote mbili, ingawa si kwa umbali mkubwa.

*Mashine na malighafi.* Hapa kuna habari njema kwa asiye na pani. Tabaka la HPMC linaweza kukandamizwa kuzunguka kiini kwa mashine ya vidonge: unga nusu chini, kiini katikati, unga nusu juu, unakandamiza. Hakuna kiyeyushio, hakuna kukausha. Hatari yake ni kiini kukaa pembeni. Kata vidonge kadhaa kutoka kila kundi uone kama ukuta ni sawa pande zote. Upande mwembamba ndio utakaoamua muda, hata kama pande nyingine ni nene kiasi gani.

*Kupima na kumfaa nani.* Kupima ni rahisi. Inamfaa zaidi anayejali saa kuliko mahali: kwa mfano dawa ya pumu inayotakiwa kuanza kazi alfajiri wakati mgonjwa amelala. Kwa ugonjwa wa utumbo wenyewe, ningeitumia kama msaidizi.

Kidonge kinachofunguliwa na bakteria

*Inavyojua imefika.* Kuna wanga na nyuzi ambazo vimeng'enya vya mwanadamu haviwezi kuzivunja, lakini bakteria wa utumbo mpana wanazila: pektini, gamu ya guari, inulini, kitosani, amilosi, na wanga sugu. Ukizifanya ganda au ukizichanganya na dawa ndani ya kiini, dawa inatoka pale tu walaji wanapokuwepo. Kati ya ishara zote, hii ndiyo iliyo ya utumbo mpana kweli, kwa sababu mruko ule wa idadi ya bakteria haupo mahali pengine njiani.

Maumbile yalituwahi. Sena, ile ya majani wanayochemsha watu wakivimbiwa, inabeba dawa iliyofungwa na sukari. Haifanyi kazi mpaka bakteria wa utumbo mpana waifungue.

*Inapokosea.* Inakosea zaidi kwa kuchelewa au kutofunguka. Bakteria wa mtu na mtu hawafanani, na mgonjwa wa kuharisha au aliyetoka kunywa antibiotiki anaweza kuwa na walaji wachache. Hapa ndipo ninaporudi kwenye lile la dawa inayoua bakteria. Wanafunzi wetu wanapenda kuchagua metronidazoli kwa ajili ya amiba, na ni rahisi kuona kwa nini: amiba iko kila kata, na dawa ni ya bei nafuu. Lakini metronidazoli inaua bakteria wasiotumia oksijeni, na hao ndio wanaotakiwa kukifungua kidonge. Dozi za kwanza zinaweza kufunguka vizuri, za siku zinazofuata zikafunguka kwa shida. Kuna na swali la pili: amiba iliyokwisha kuingia kwenye ukuta wa utumbo au ini inahitaji dawa ndani ya damu, na metronidazoli ya kawaida inanyonywa vizuri sana kwa kazi hiyo. Kinachobaki ndani ya mkondo wa utumbo kwa kawaida humaliziwa na dawa nyingine, kama diloksanidi furoati au paromomisini. Kwa hiyo kabla ya kumfungia metronidazoli safari ya utumbo mpana, jieleze unatibu amiba ipi.

*Mashine na malighafi.* Nyingi ya nyuzi hizi zinapenda maji. Pektini ikilowa inavimba na kuanza kuyeyuka kabla haijafika popote, ndiyo maana huchanganywa na kalsiamu au na etilselulosi. Kitosani inayeyuka kwenye asidi, kwa hiyo lazima ifunikwe na ganda la kuzuia asidi. Gamu ya guari ina nafuu: inavimba ikawa utelezi mzito unaobana dawa, na unaweza kuikandamiza kuzunguka kiini bila pani. Sehemu kubwa ya guari ya dunia inatoka India, na ni rahisi.

Wengi wananiuliza kuhusu ndizi. Mkoa umejaa migomba, na ndizi mbichi ina wanga sugu mwingi. Ni kweli. Ila ukiuchemsha, kama tunavyofanya kwenye mtori, sehemu kubwa ya wanga huo hulainika na kumeng'enywa juu, usugu umekwenda. Unaotaka kutengenezea ganda itabidi uutenge bila joto kubwa, uusafishe, na uonyeshe kuwa kundi la Machi linafanana na la Oktoba. Kwa utafiti wa chuo, ni mada tamu. Kwa dawa ya kuuzwa, TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, itauliza kuhusu usafi na usawa wa malighafi, na jibu la "tumenunua soko la Mbuyuni" halitatosha.

*Kupima.* Hapa ndipo pagumu. Bafa peke yake haionyeshi kitu. Watafiti hutumia kilichomo kwenye sekamu (mwanzo wa utumbo mpana) ya panya, au choo cha binadamu kilichotawanywa kwenye bafa, huku gesi ya kaboni dayoksaidi ikipitishwa ili oksijeni isiingie. Kwa pektini unaweza kuanza na kimeng'enya cha pektinesi, ni safi na rahisi, ingawa kinapima ganda zaidi kuliko hali halisi. Kazi inayohusu wanyama au choo cha watu inahitaji kibali cha kamati ya maadili, na kibali kina foleni yake. Kama una muhula mmoja, omba kabla hujapima hata gramu moja.

*Inamfaa nani.* Mwenye dawa ambayo kumwagika juu ni hatari au hasara, yenye dozi ndogo, isiyoua bakteria, na mwenye maabara ya mikrobiolojia jirani.

Dawa iliyofungwa kwa kemia

Hii inatumia bakteria walewale, lakini haihitaji ganda. Dawa inaunganishwa na molekuli nyingine kwa kiungo cha azo, naitrojeni mbili zilizoshikana, ambacho bakteria wanakikata. Mzee wa ukoo ni salfasalazini, aliyoanzisha Nanna Svartz wa Sweden kwa ajili ya baridi yabisi na baadaye ikaonekana inasaidia utumbo. Mwaka 1977 ndipo ilipoonyeshwa kwamba kinachotibu utumbo ni mesalazini, na kwamba salfapiridini iliyounganishwa nayo ni mbebaji tu.

*Inapokosea.* Mbebaji huyo ndiye analeta kero nyingi: kichefuchefu, kichwa, kupungua kwa mbegu za kiume (zinarudi dawa ikisimamishwa). Ni salfa, kwa hiyo mtu aliyewahi kuchubuka ngozi kwa Septrin usimpe, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kuvunjika chembe za damu. Olsalazini iliondoa salfa kwa kuunganisha mesalazini mbili, ila inaweza kuleta kuharisha. Balsalazidi ilitumia mbebaji mpole zaidi.

*Mashine, kupima, na nani.* Kidonge chenyewe ni cha kawaida, kigumu ni kemia: molekuli mpya ni dawa mpya, na majaribio ya usalama yanaanza upya. Kwa mwanafunzi wa uundaji wa vidonge, hii si njia ya kuchagua. Kwa daktari au mfamasia wa hospitali anayetaka tu dawa ya kumpa mgonjwa, ni njia iliyothibitishwa kwa miongo mingi, na salfasalazini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO.

Mchanganyiko

Kwa kuwa kila ishara ina udhaifu wake, wabunifu wa miaka ya karibuni wanaweka mbili kwenye kidonge kimoja. Mfano ninaoupenda ni ganda lenye Eudragit S na wanga sugu kwa pamoja: pH ikifika 7 S inayeyuka, isipofika, bakteria wanakula wanga na kutoboa ganda. Kukosea kwa mmoja kunafunikwa na mwingine. Mfumo wa CODES wa Kijapani ni mjanja kwa namna nyingine. Kiini kina laktulosi, juu yake ganda linaloyeyuka kwenye asidi, juu kabisa ganda la kuzuia asidi ya tumbo. Bakteria wanachachua laktulosi inayovuja, wanatengeneza asidi pale pale, na asidi hiyo inafungua ganda la ndani.

Gharama yake ni uvumilivu. Kila tabaka linaongeza siku za pani, vipimo na uwezekano wa kundi zima kuharibika. Ukishindwa, hujui ni tabaka gani limekuponza. Kupima kunahitaji bafa na bakteria, vyote viwili. Inamfaa aliyekwisha kufaulu na ganda moja na kuona kwa macho yake linapokosea.

Zipo na njia za shinikizo, vidonge vinavyopasuliwa na misuli ya utumbo mpana pale kinyesi kinapokuwa kizito. Zinavutia kusoma, ila kwa vifaa vya huku sioni wa kumshauri.

Neno moja kuhusu umbo. Chembe ndogo zilizopakwa ganda, zikawekwa ndani ya kapsuli, hupita tumbo bila kusubiri sana na hutawanyika. Chache zikishindwa, nyingine zinafanya kazi. Kidonge kimoja kikubwa kikishindwa, dozi yote imeshindwa. Lakini chembe zina eneo kubwa la kupaka, zinakula polima nyingi, na zinahitaji mashine ya kuzipeperusha kwenye hewa, ambayo si kila chuo kinayo.

Hali kwa hali

Una pani moja, muhula mmoja na kifaa cha uyeyukaji: shika ganda la pH, jaribu uwiano tofauti wa L na S, na upime kwenye bikabonati pamoja na fosfeti. Huna pani kabisa: kandamiza gamu ya guari au HPMC kuzunguka kiini.

Dawa yako ni steroidi, na hutaki inyonywe juu: elekea bakteria au mchanganyiko, ukubali kwamba wagonjwa wachache watapata dozi pungufu. Dawa ni antibiotiki: usiwategemee bakteria peke yao, weka pH au muda pamoja nao. Mgonjwa unayemlenga anaharisha sana: muda peke yake usiutumie, na chembe ni bora kuliko kidonge kikubwa. Unatafuta dawa ya kuanza kazi saa fulani ya usiku: muda.

Unafikiria kuuza na si kuandika ripoti tu: anza na malighafi ya daraja la dawa hata kama ya kienyeji ipo mlangoni, na weka sampuli mapema kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, maana maganda mengi hubadilika yakikaa, na shelaki, ganda la utomvu wa wadudu, ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa hilo.

Na kama dawa uliyoshika ni ghali au hujaipata bado, vidonge vya kwanza vitengeneze na kiini chenye rangi ya chakula. Vitumbukize kwenye asidi, kaa navyo saa 2, kisha vihamishe kwenye bafa na uangalie. Rangi ikianza kuvuja kwenye ukingo wa kidonge kabla ya mahali pengine, ganda lako ni jembamba pale ukingoni. Ongeza muda wa kunyunyiza au badilisha umbo la kiini kabla hujagusa dawa yenyewe.